Mluzi wa Mgunga

Zamani hizo, miiba ikiwa bado haijavimba tumbo, Mgunga na mdogo wake waliishi nyikani wakiwa wameshikana matawi. Mvua ikinyesha walichanua pamoja, na ungeuliza ua hili ni la nani, wangecheka tu.

Adha yao ilikuwa Twiga. Bwana huyo alikula bila hodi. Mgunga akachoka, akawaita sisimizi weusi. "Njooni mkae kwangu. Vyumba nitawapa ndani ya miiba, na utomvu mtamu kila asubuhi. Nyinyi mnilinde tu." Miiba ikavimba tumbo, wakahamia, wakatoboa milango, na Twiga aliporudi aliondoka na ulimi umemvimba. Mdogo mtu kuona hivyo, naye akakaribisha sisimizi wekundu.

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Asubuhi moja, Malkia wa weusi alimwona mwekundu mmoja akivuka tawi.

"Mama mwenye nyumba, yule nani?"

"Mpangaji wa mdogo wangu. Kwani vipi?"

"Leo anapita, kesho anakunywa utomvu wangu! Na wewe unamchanulia!"

"Namchanulia mdogo wangu, jamani! Nilimshika mkono kabla sijakujua wewe!"

Malkia hakutaka kusikia. Akawatuma watu wake, wakakata matumba na vitawi vyote vya Mgunga vilivyoelekea kwa mdogo mtu. Mgunga akawaka. Huyu ni mlinzi wa aina gani, anayemkata mikono anayemlinda? Akafunga utomvu. "Hameni!"

Hawakuhama. Walikaa milangoni wamenuna. Twiga akaja, akala huku, akala kule, na hakuna aliyenyanyua hata mguu. Yalipobaki majani ya kileleni tu, Mgunga akafungua utomvu.

"Na mdogo wako usimguse tena," alisema Malkia. Ndipo akamtimua Twiga.

Mgunga alisimama pale, upande mmoja mtupu, akimtazama mdogo wake hapo jirani asiyeweza kumfikia. Upepo ukavuma. Ukapita kwenye milango ile ile waliyoitoboa wenye wivu, na miiba ikapiga mluzi. Ng'ambo, mluzi mwingine ukaitika.

Na tangu siku hiyo, mgunga anayekaliwa na sisimizi weusi hachanui kwa raha, wala hamgusi jirani yake. Lakini upepo ukivuma tu, humwita. Na sisimizi, roho juu, hutoka mbio katika kila mwiba, wakizunguka matawi kumtafuta huyo anayeitwa.