Ushindi wa Mkuu wa Forodha

Alikuwapo Ngwali, mcheza karata aliyekula jasho la wajinga mji hadi mji. Mkuu wa forodha akamzuilia ofisini, akaapa hatamwacha avuke mpaka bila kumfundisha siri ya kushinda.

"Kwanza, mheshimiwa, waondoe askari mlangoni," alisema Ngwali, akigawa karata. "Wakizichungulia karata zako, umekwisha."

"Nyie! Nendeni mkanywe chai!"

"La pili ni subira. Atakayetangulia kunyanyuka kitini ndiye aliyeshindwa. Wengi hawaiwezi."

"Unanitisha kwa kukaa? Kukaa ndiyo kazi yangu hapa, bwana mdogo!"

Wakakaa kidogo. Ngwali akashusha pumzi, akanyanyuka, akachukua mkoba wake, akatoka akavuka mpaka.

"Kashindwa!" Mkuu alicheka, wala hakubanduka kitini.