Chungu cha Togolani

Sahani ya mgonjwa ina mikono miwili. Ndivyo wasemavyo watu wa Ndorwe, huko juu milimani Upare, kila nyumba inapouguliwa. Vijana waliokuwa wakisafisha tangawizi uani kwa Bibi Namcheja waliisikia methali hiyo asubuhi, walipokwenda kumjulia hali mwalimu wao wa zamani, nao walirudi wakibishana. Mmoja alisema sahani haina hata kidole, sembuse mikono. Mwingine alidhani maana yake ni kwamba mgonjwa anatakiwa ale kwa pupa.

Bibi Namcheja alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Ale kwa pupa! Haya, nyie endeleeni kukwangua udongo, masikio niachieni mimi. Methali hii haina umri mkubwa. Nyumba iliyoizaa ni ile pale ng'ambo ya mfereji, ya Togolani na mkewe Nakijwa, na ilianza hivi."

Togolani alikuwa fundi wa kuta za mawe, zile zinazozuia udongo wa mashamba usiteremke na mvua. Alikuwa mtu wa miraba minne. Jiwe ambalo wenzake walilibeba wawili, yeye alilikumbatia peke yake huku akipiga mluzi. Basi ulipomtokea uvimbe shingoni, chini ya sikio, hakuna aliyeshtuka. Watu walisema ni jiwe limemgonga. Lakini uvimbe ulikua, mwanzo kama punje ya harage, kisha kama yai la kwale, na mluzi ukanyamaza. Nakijwa ndiye aliyemshika mkono wakateremka hadi hospitali kubwa mjini, na huko wakaambiwa ni saratani ya matezi.

Daktari hakuwaficha neno. Aliwaambia kuna dawa, nayo hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu, awamu baada ya awamu, na kwamba wengi wenye ugonjwa wa namna hiyo hupata nafuu wakiimaliza dawa. Kisha akamgeukia Nakijwa.

"Dawa hii ni kali, mama. Haiwezi kuingia katika mwili mtupu. Dawa ni kazi yetu. Kumlisha ni kazi yako."

Nakijwa hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Aliitikia "Ndiyo, daktari," lakini neno lile alilibeba kifuani mpaka nyumbani. Amepewa kazi moja tu katika ugonjwa wote ule, na kazi hiyo anaijua tangu utoto.

Sasa, wakati ule Ndorwe ilikuwa na msemo mwingine, wa zamani, uliosema chungu cha mgonjwa hakionjwi. Chakula cha mgonjwa kilipikwa katika chungu chake kidogo, na hakuna ulimi mwingine uliokigusa, si wa mtoto, si wa mgeni, wala wa mpishi mwenyewe. Aonjaye, walisema, humpunguzia mgonjwa nguvu. Mimi nadhani msemo huo uliwekwa mwaka wa njaa, ili nyama ya mgonjwa isiishie jikoni. Lakini njaa ilipita, msemo ukabaki.

Nakijwa aliushika msemo huo kama sala. Alinunua chungu kipya, akakifukiza moshi, akakitenga. Awamu ya kwanza ya dawa ilimwangusha Togolani. Alitapika, nywele zikabaki kwenye mto, miguu ikawa kama si yake. Hata hivyo, tumbo lilipotulia alikula. Hakula kama zamani, lakini alikula.

Baada ya awamu ya pili akaja Naetwe, dada mkubwa wa Togolani, kutoka kilima cha pili, akiwa na mkeka wake na sauti yake. Nakijwa alimpokea kwa furaha ya kweli, maana kazi zilikuwa zimemzidi. Tangu hapo walisaidiana. Nakijwa aliteleka chungu cha mgonjwa, kisha akatoka kukata majani ya ng'ombe au kuchota maji, na Naetwe akabaki kuchochea moto.

Siku zile zile Togolani akaacha kula.

Aliletewa ndizi na nyama, akatia tonge moja mdomoni, akalitafuna mpaka machozi yakamlenga. Alimeza kwa shida, akasukuma sahani taratibu. "Inatosha, Mama Kiangi," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ahsante." Muuguzi alikuwa amewaonya mapema kwamba dawa huharibu ulimi na kuleta vidonda kinywani, kwa hiyo Nakijwa hakushangaa. Aliogopa tu. Alibadilisha ndizi akaleta viazi, akabadilisha viazi akaleta mchuzi wa kuku. Majogoo walikwisha bandani. Kila chakula kilirudi kama kilivyokwenda.

Tena hakuna aliyekula naye. Alitazamwa. Nakijwa alikaa kwenye kigoda mbele yake, akiufuata mkono wake kutoka sahani hadi mdomo. Naetwe alisimama mlangoni. Majirani waliokuja kumpa pole walikaa ukutani, na wote kwa pamoja walimhimiza: kula baba, jitahidi baba, moja tu la mwisho. Togolani, ambaye zamani alipasua mawe mbele ya watu bila haya, sasa aliona haya kutafuna.

Na Nakijwa mwenyewe alikula nini? Mnauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kilicho kizuri kiliingia katika chungu cha mgonjwa, na chungu hicho hakionjwi. Yeye alimega kiazi baridi akiwa amesimama, siku nyingine alisahau. Nguo zilianza kumpwaya, na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa Togolani, hakuna aliyeona.

Siku ya awamu ya tatu wakateremka mjini. Togolani akapimwa uzito, akatolewa damu, wakangoja. Daktari aliporudi hakuwa na dripu.

"Leo hatumpi," alisema. "Damu iko chini na uzito umeshuka sana. Nikimpa dawa sasa, itamuumiza yeye kabla ya ugonjwa. Mrudi wiki ijayo. Lakini mnielewe, kila tunapochelewa, uvimbe unapata nafasi."

Njia nzima ya kurudi Nakijwa alitazama mikono yake mapajani. Nilipewa kazi moja, alijiambia. Moja tu.

Naetwe alipopata habari alijifunga khanga upya kiunoni, kama mtu anayetaka kulima.

"Mimi sisemi kitu," alisema, na kila aliyemjua Naetwe alijua kwamba sasa anasema. "Lakini kwa mama, huyu alikuwa anamaliza sinia, analamba na vidole. Mdomo ni ule ule. Labda mkono unaopika ndio uliobadilika."

Nakijwa aliinamisha kichwa. Angeweza kujibu, maana Togolani alikula mikononi mwake miaka kumi na mitano na hakuwahi kukonda. Lakini alikwenda zake jikoni kumenya ndizi.

Mchana ule alipika kama anayepikia harusi. Nyama ya mbuzi iliyochemka ikalainika, ndizi mbichi, nyanya, kitunguu. Alichota maji, akatia chumvi, akatia nyama, akateleka, akatoka kwenda mferejini. Aliporudi chakula kilikuwa tayari. Alipakua, akanawa, akamwekea mumewe sahani mbele kama kawaida, akaketi kwenye kigoda.

Togolani hakuitazama sahani. Alimtazama yeye.

"Mama Kiangi, wewe umekula?"

"Nitakula."

"Sikuuliza utakula. Nimeuliza umekula."

"Baba Kiangi, chakula kinapoa."

"Kipoe." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ya fundi anayekataa jiwe baya. "Jana ulipoinama kuniosha miguu niliona mifupa ya mabega yako. Nikajiuliza, hivi hapa anayeumwa ni nani? Mimi leo sili. Sili mpaka na wewe utie mkono humu."

Nakijwa aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Chungu cha mgonjwa? Nikupunguzie nguvu?"

"Nguvu ipi? Niliyobaki nayo haitoshi hata kumfukuza kuku. Njoo uichukue."

"Usifanye mzaha na hayo mambo."

"Sifanyi mzaha. Nimechoka kutazamwa, mke wangu. Nakaa hapa natafuna kama mbuzi wa mnadani. Nataka mtu wa kula naye. Nikifa kwa sababu umekula tonge langu, basi nitakufa nikiwa na mwenzangu mezani."

"Usiseme kufa!"

"Basi kula."

Wakatazamana. Nje Naetwe alikuwa akipasua kuni, na kila shoka lilipotua Nakijwa alihisi linatua kwenye msemo wa wazee. Kwa upande mmoja kulikuwa na Ndorwe nzima. Kwa upande wa pili kulikuwa na mwanamume mmoja asiye na nywele, na wiki moja mkononi. Nakijwa alivuta beseni, akanawa tena, akapeleka mkono kwenye sahani ya mumewe. Alimega ndizi, akaichovya kwenye mchuzi, akafumba macho, akatia mdomoni.

Macho yalifumbuka yenyewe.

Alitafuna mara moja. Akajaribu kumeza, koo likagoma. Akakimbilia dirishani akatema.

"Baba Kiangi! Hiki ndicho unachokula kila siku?"

"Kwani kina nini?"

"Chumvi! Ni chumvi tupu! Na vidonda vyako hivyo mdomoni!"

Togolani alimkodolea macho. "Si dawa?"

"Dawa gani? Ni chumvi!"

"Muuguzi alisema dawa itaharibu ulimi. Nikajua ndio umeshaharibika. Ningekuambiaje, nawe unapika huku unalia?" Kisha akaongeza polepole, "Ila siku moja nilimpa paka. Paka naye alikataa. Nikasema labda na yeye anaumwa."

"Wifi!" Nakijwa aliita. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Naetwe aliingia na shoka mkononi, akidhani mdogo wake amezimia.

"Wifi, chungu hiki umekitia chumvi?"

"Sasa nani akitie?" alijibu Naetwe. "Kila siku nakitia. Chumvi hutiwa mwisho, chakula kikishaiva. Ndivyo alivyotufundisha mama."

"Kwetu hutiwa mwanzo," alisema Nakijwa. "Pamoja na maji."

Naetwe alitazama chungu, akamtazama mdogo wake, akaitazama sahani. Mkono mmoja ulitia chumvi mwanzo na mwingine mwisho, na katikati hapakuwa na ulimi hata mmoja, kwa kuwa chungu cha mgonjwa hakionjwi. Naetwe aliweka shoka chini. Akasogea, akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto aliyepewa kwinini.

"Yesu wangu," alisema. "Na bado uko hai?"

Aliyeanza kucheka alikuwa Togolani. Alicheka kwa kuguna, akijishika mbavu, na kicheko hicho kilikuwa hakijasikika katika nyumba ile tangu uvimbe ulipotokea. Nakijwa alicheka huku analia. Naetwe alikaa chini sakafuni, akajipiga paja, akasema, "Wifi, nisamehe. Nilisema mkono umebadilika, kumbe mkono wenyewe ni wangu."

Ndizi zile walizimwaga. Nakijwa alimenya nyingine, na mara hii alionja mwenyewe kila hatua, mbele ya wifi yake, bila kujificha. Chakula kilipoiva wakanawa wote watatu, majirani waliokuja kutazama wakapewa vijiko nao, na Nakijwa akaketi mkekani bega kwa bega na mumewe. Hakumhimiza. Hakuhesabu matonge. Alikuwa na njaa ya siku nyingi, na alikula kama mwenye njaa. Togolani, kwa kuona sahani inapungua upande wa pili, alijikuta anaharakisha.

"Mama Kiangi," alisema, "niachie na mimi."

Msidhani dawa iliacha kuwa dawa. Zilikuwapo siku ambazo hakuna kilichopita kooni isipokuwa uji mwepesi, na siku hizo Nakijwa alikunywa uji naye, kikombe kwa kikombe. Lakini waliporudi mjini mshale wa mizani ulikuwa umesogea. Si sana, ila ulikuwa umesogea. Damu nayo ikakubali. Daktari alisoma, akaitikia kwa kichwa, akamwita muuguzi alete dripu, na Nakijwa akatoka nje akasimama jua lilipo, akavuta pumzi ndefu. Walimaliza awamu zote. Uvimbe ukanywea mpaka kidole hakiukuti. Bado huitwa kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara huenda wote wawili, na kila mara nyumba ile hukosa usingizi mpaka warudi. Lakini nyie wenyewe mmepita hapo asubuhi. Mluzi mliousikia kwenye ukuta wa mawe ni wa nani?

Aliyeieneza habari ni Naetwe, kwani sauti alikuwa nayo. Mwaka uliofuata alikwenda kumpa pole mwanamume mmoja wa kilimani kwao, ambaye mkewe alikuwa ameanza dawa ile ile. Alimkuta mama wa watu mbele ya sahani iliyojaa, na mume amekaa mkabala, mikono magotini, macho hayabanduki kwenye mdomo wa mkewe. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa.

Naetwe hakuketi hata kidogo. Alisukuma beseni la maji mpaka miguuni mwa yule bwana.

"Shemeji, acha kumtazama," alisema. "Nawa mikono, usogee, ule naye. Sahani ya mgonjwa ina mikono miwili."