Ukili wa Msala

Sogeeni mbele kidogo ndugu zangu, nafasi ipo. Kulikuwa na mgane mmoja, mtu mzima, mkewe ametangulia mbele ya haki miaka minne. Alipofungua sanduku la marehemu, chini kabisa alikuta ukili, ule utepe wa miyaa ya mkindu iliyosukwa, wenye nakshi nyekundu na nyeusi, bado haujashonwa. Kwa nakshi zake alijua ni wa msala. Akalia. Akajisemea, kumbe mke wangu alikuwa ananisukia msala, mauti yakamkatiza.

Tangu siku hiyo hakuwa na hamu nyingine. Watu wakamletea misala ya dukani, laini, yenye picha za misikiti. Akaikunja, akaiweka. Kila akisujudu alitamani paji lake la uso liguse kazi ya mkewe. Mnatabasamu? Subirini mfiwe.

Alikuwa na binti mmoja tu, mwalimu wa hesabu huko mjini, msomi kwelikweli. Idi ilipofika binti akaja, na chai haijapoa mzee akamwekea ule ukili mapajani.

"Mwanangu, nimalizie. Umebaki kidogo tu. Nikisali nataka nimhisi mama yako."

Binti akaugeuzageuza. Akachukua miyaa mipya, akajaribu. Ukapinda. Akafumua, akajaribu tena, ukapinda vilevile.

"Siwezi, baba. Vidole vimesahau."

Mzee akaudhika. "Kwani mama yako hukumtazama? Ona mkono huu ulivyo mwepesi! Ona nakshi hizi! Hata chembe hukurithi?"

Machozi yakamlengalenga binti. "Baba, huu si wa mama. Ni wangu. Nilikuwa darasa la sita, nakusukia wewe msala wa Idi, nikitaka nikushtukize. Ukanikuta, ukaninyang'anya, ukasema miyaa haijibu mtihani. Ukautupa uani. Mama ndiye aliyeuokota."

Mzee akakumbuka. Akaviona vile vidole vidogo vilivyobaki hewani siku ile, havina cha kushika. Fundi aliyekuwa akimlilia tangu afungue lile sanduku alikuwa amekaa mbele yake, na hayupo tena.

Sasa tuulizane. Elimu mbaya? Hasha! Hesabu za binti yule ni neema, na wanafunzi wake wanamwombea dua. Lakini nani alituambia kwamba kichwa kikijaa lazima mikono iwe mitupu? Sisi ndio tunaokwenda kwenye kikao cha wazazi na kusema kipindi cha kuchora kifutwe, cha kuimba kifutwe, watoto wasome. Kisha harusi ikija tunahangaika kutafuta waimbaji wa mji wa pili, tunakaa kama wageni kwenye furaha yetu wenyewe, na tunanong'onezana: mbona mtaa wetu umepoa hivi?

Nami ninayesema hapa, nyumbani kwangu nimeshachana michoro. Sijitoi.

Leo mtakaporudi, huenda mtoto akakujia na kitu alichokitengeneza, kimekaa upande, rangi zimevuka mstari. Utakuwa umechoka. Utataka kumwambia, acha upuuzi, kasome. Ndugu yangu, usidhani atabishana nawe. Ataacha. Watoto wetu ni wasikivu, wanatutii, na hilo ndilo linalonitia hofu.