Fungu la Mgeni na Pua ya Bibi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Chungu?

Cha jana!

Kifuniko?

Kinatoa jasho!

Ndani mna nini?

Mmenyamaza. Hata mimi ningenyamaza. Basi nipakatieni mtoto huyu niseme upesi, maana nikivuta pumzi nitaona haya, nisimalize.

Hapo zamani za kale, zamani za mafiga matatu na kata ya kifuu, palikuwa na kijiji chenye mila yake. Kila nyumba ikipika jioni, ilibakisha fungu la mgeni. Chungu kikafunikwa, kikaachwa juu ya jivu la moto hata kesho. Mgeni asipokuja, wakala wenyewe. Nyumba iliyolala na chungu kitupu iliambiwa imefukuza baraka.

Na palikuwa na Bibi Somoe. Kila asubuhi alipita jiko hadi jiko. Haombi chumvi, haombi moto. Anafunua chungu, ananusa. Fu! Fu! Akikikuta kimechacha, anakimwaga, mwenye chungu anatazama.

"Ficheni vyungu, pua inakuja!" watu walipiga kelele.

"Bibi, kwangu leo unanusa nini?"

"Uvivu, mwanangu. Osha chungu."

Wakacheka. Naye akacheka, akaenda jiko la pili.

Mize aliolewa kijijini hapo akitoka mbali, akazaa mtoto wake wa kwanza, Chande. Siku moja Bibi Somoe akamwaga mchuzi wa Mize. Bi Nunu, mavyaa wake, mama wa mumewe, akapiga makofi uani, majirani wote wasikie.

"Alaa! Mkaza mwanangu anaachia chakula kimwagwe! Leo mchuzi, kesho ataachia na nyumba imwagwe!"

Mize akainama. Tangu siku hiyo, akisikia fu! fu! kwa jirani, anakificha chungu chake nyuma ya kuni.

Jioni moja akapika kunde za tui. Akabakisha fungu la mgeni. Mgeni hakuja. Kesho yake, jua la utosi, akafunua. Povu juu, pwe, pwe, pwe. Na harufu chachu. Kidogo, jamani, kidogo tu! Akatazama jalala. Akamtazama mavyaa wake anasuka ukili pale mlangoni. Akakamua ndimu, akaongeza chumvi, akapasha moto. Chande akaachama kama kinda la ndege. Akampa kijiko kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Jua halijatua, mtoto akatapika. Akaharisha, pwaa! Akatapika tena. Macho yakazama. Akalia, machozi hayatoki.

"Amekula nini?" Bi Nunu akauliza.

"Uji tu, mama. Uji wa asubuhi."

Uji tu! Na aliyesema hivyo ndiye aliyemzaa.

"Basi ni jicho la watu. Namtwangia mzizi wa kuharisha, umtoe kilichomwingia." Bi Nunu akashika mchi. Twa! Twa! Twa!

Bibi Somoe akaja mbio. Akaivuta ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imesimama kama nguo iliyokunjwa.

"Mize, mwanangu, amekula nini?"

"Uji, bibi."

Twa! Twa!

"Amekula nini?"

"Uji."

Bibi Somoe hakuuliza mara ya tatu. Akaketi sakafuni, akamshika Mize mkono.

"Mnaicheka pua yangu. Nilikuwa na mtoto mimi. Nilimlisha wali wa jana uliochacha, kwa sababu mawifi walikuwa wananitazama na niliona haya kuumwaga. Alipougua nikasema amekula ndizi. Wakamtibu kama aliyekula ndizi. Mimi, Mize, chungu nilikitunza, nikamwaga mtoto."

Twa! Twa!

"Kunde!" Mize akapiga ukelele. "Kunde za jana, bibi, zilitoa povu, nililiona, nikanusa, nikakamua ndimu, nilijua, nilijua!"

Mbele ya mavyaa. Mbele ya majirani waliojaa mlangoni. Mchi ukasimama hewani.

"Mwaga mzizi huo, Nunu," Bibi Somoe akasema. "Mtoto amekauka. Ukimharisha tena, utamzika."

Akachemsha mchele hata ukavunjika, akachuja maji yake, akatia chembe za chumvi, yakapoa. Mize akamnywesha kijiko kwa kijiko. Akitapika, wanangoja kidogo, wanaanza tena. Kijiko kwa kijiko. Chande alipokojoa, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Kwa mkojo, jamani!

Mize akajifunika uso kwa kanga. "Sasa watanicheka."

"Watakucheka siku saba," Bibi Somoe akasema. "Mimi nimelia miaka arobaini."

Bi Nunu alikibeba kile chungu cha kunde mwenyewe, kweupe, akapita nacho milango yote, akakimwaga.

Tangu hapo fungu la mgeni likawekwa bichi. Kibaba cha kunde kavu, kimening'inizwa darini. Mgeni akija asikie moto unawashwa, ajue anapikiwa yeye. Na kiporo? Bibi Somoe aliwafundisha: kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kisha kifunike, kiweke kando ya mtungi penye ubaridi. Asubuhi kichemshe kitokote hadi katikati, kiliwe, kiishe. Cha tui kisilale.

"Wala msiitegemee pua," akasema, "maana kibaya kingine hakinuki. Ukitia shaka, mwaga. Moto haukifufui chungu kilichochacha."

Wenzangu, aibu ya kumwaga chakula hukauka pamoja na jalala. Aibu ya kunyamaza hulala nawe kitanda kimoja.

Hadithi nimeitua hapa, kama mtu anavyotua mzigo. Sasa nirudishieni mwanangu. Hajala, ashukuriwe Mungu, nilikuwa nimeshika kijiko tu. Sufuria ya maharage ya jana bado iko jikoni, na mama mkwe wangu amekaa barazani. Nakwenda kuimwaga. Mkiniona napita nayo, msigeuze nyuso.