Mshubiri wa Bi Mgeni

"Mshubiri haufi kwa kiu, hufa kwa huruma." Mmeisikia leo mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Micheweni, Pemba, Bi Mgeni alikuwa na mshubiri mmoja, kaupanda katika kopo la samli lililotobolewa chini, kauweka dirishani. Haukuwa pambo. Mwanawe, Mwanakombo, alikuwa mjamzito tena, mwembamba kama ufito, na bado akimnyonyesha Kidawa, mtoto mwenye meno kamili, anayekimbia huko nje akichoka anakuja kuivuta kanga ya mama kwa mikono yake mwenyewe. Mkunga alishasema: mtoto huyu asipoachishwa ziwa, mama hatafika salama. Na dawa yake inajulikana. Utomvu wa mshubiri hupakwa titini. Mtoto akionja ule uchungu, harudi.

Sasa mshubiri hautaki maji mengi. "Udongo ukauke kwanza, ndipo unywe," Bi Mgeni aliwaambia wa nyumbani mwake. "Na nitaunywesha mimi." Nani wa kusikia? Mumewe, Mzee Makame, kila akimaliza kutawadha alimimina humo yaliyobaki kwenye birika, maana kuyamwaga ni israfu. Wifi yake, Mize, akaleta maji aliyooshea mchele. Mwanakombo naye akipita, kikombe. Bi Mgeni akagomba mpaka sauti ikamkauka, akalipandisha kopo juu ya kabati. Wakaleta kigoda.

Siku ya kumwachisha mtoto alikata jani. Likatoka jimaji kama la tango. Akavuta shina, likaja lote mkononi, jeusi, linanuka. Akampaka mwanawe hivyo hivyo. Kidawa akaonja, akalamba midomo, akaendelea kunyonya.

"Nani kauua mti wangu?"

"Ulikuwa umesinyaa, mke wangu," alisema Mzee Makame. "Niliuonea huruma."

"Hata mimi, wifi," alisema Mize. "Kitone tu."

"Vitone vyenu! Kila mtu na kitone chake, kopo likawa kisima!"

Jioni Bi Mgeni akasema basi, mtoto ataachishwa bila dawa. Kidawa akalia mpaka majirani wakachungulia. Mwanakombo akaanza kulegeza kanga.

"Mpe kidogo, maskini," Mize alisema. "Kwa leo tu."

"Kweli, anatia huruma," akaunga Mzee Makame.

Bi Mgeni akasimama katikati yao, mikono kiunoni. "Mti mmeshauua, sasa mnamtaka mwanangu? Mshubiri haufi kwa kiu, hufa kwa huruma! Mize, kapike uji. Baba Mwanakombo, nenda barazani. Nawe mwanangu, funga kanga!"

Mwanakombo akaifunga, machozi yakimtoka. Kidawa akalia, akanyamaza, akalia tena. Mwisho akauliza kama uji una sukari.

Mwanakombo alijifungua salama. Na Micheweni, ukimwona mtu anampa mwenziwe kitu cha kumdhuru kwa sababu tu analia, usimgombe sana. Mwambie: mshubiri haufi kwa kiu, hufa kwa huruma.