Mita Nane kwa Tano

Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyeegemea ukuta huko nyuma, nijibuni kwanza: ukitaka kujua kama kata nzima ina njaa, utafunua sufuria ya nani?

Usijibu haraka. Kuna watu walipewa gari, posho na kompyuta ili wajibu swali hilo, na jibu walilotoa linatia kichefuchefu. Sikilizeni.

Katika kata ya Kalimbui, Ukambani, ambako mto ni mchanga mtupu miezi tisa kwa mwaka, aliishi mjane aitwaye Kalekye. Shamba lake lilikuwa robo ekari, kando ya lami. Nacho alichokuwa nacho zaidi ya shamba ni majirani watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Nzuki alikuwa na kipawa cha maji. Alitembea juu ya mchanga wa mto, akasimama, akakanyaga mara mbili kwa kisigino na kusema "hapa", nawe ukichimba hapo unafikia maji kabla hujatoka jasho. Alikuwa na punda mmoja, Kanali, aliyebeba mitungi minne kwa safari na kumdharau kila binadamu isipokuwa Nzuki.

Wayua alikuwa na kipawa cha udongo. Matuta ya fanya juu, yale ya udongo unaorushwa upande wa juu wa mtaro, aliyoyapima yeye hayakubomoka. Mvua ikinyesha kwenye shamba alilolishika Wayua, maji hayakutoka humo bila ruhusa yake.

Mumbe alikuwa na kipawa cha mbegu. Jikoni kwake, juu ya moshi, kilining'inia kibuyu cha mahindi madogo mekundu ya marehemu nyanyake, mahindi yanayokomaa mapema kabla ardhi haijakauka. Kibuyu kimoja, cha kutosha robo ekari, basi.

Mwaka huo serikali ilileta bima ya mazao. Ofisa wa kilimo, kijana wa viatu vilivyochongoka aitwaye Kilonzi, alishika kipaza sauti barazani akasema, "Nyinyi lipeni nusu, serikali inalipa nusu. Tutapima mashamba kumi na mawili, na mavuno yake ndiyo yatakayosema kama kata nzima italipwa. Mvua ikikosa, hakuna kujaza fomu, hakuna kupanga foleni ofisini. Simu italia, pesa zimeingia."

Watu mia mbili na sita waliuza mbuzi wakalipa. Nzuki alilipa, Wayua alilipa, Mumbe alilipa. Kalekye hakulipa. Mbuzi wake alikuwa ameshaenda hospitali, siku ile Kalekye alipoteleza bondeni akavunjika nyonga.

Hapo ndipo majirani hawa walipofanya kosa, kosa la watu wema peke yao. Walijiambia: sisi tuna bima, huyu mama hana. Letu likiharibika, simu italia. Lake likiharibika, atalia yeye.

Wayua ndiye aliyeanza. Yeye na wenzake kumi na mmoja walikuwa na mwethya, kundi la kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, na zamu ilikuwa imemfikia. Badala ya kuwapeleka kwake akawapeleka kwa Kalekye. Akatandika kamba, akapima, na kwa siku mbili robo ekari ile ikawa na matuta kama ngazi za mahakama. Shamba lake mwenyewe halikuguswa. Mvua ya kwanza ilipokuja ilichukua nusu yake na kuipeleka mtoni.

Mumbe akafuata. Kalekye hakuwa na hata punje, na Mumbe alikuwa ameandikishwa kupata mbegu za ruzuku, hata risiti akaonyeshwa. Akakiteremsha kibuyu. "Panda hii, mwaitu," akamwambia, kwa jina la mama kama kwetu tunavyoita. "Mimi naletewa ya serikali." Mbegu za serikali zilifika wiki tatu baada ya mvua, zikisindikizwa na mpiga picha. Aliyezipanda alipanda vumbi.

Halafu mvua ikakata, kwa sababu mvua ya Kalimbui nayo ni kama mgeni mwenye gari linalomsubiri. Mahindi ya Kalekye yalikuwa yametoa mbelewele, majani yameanza kujisokota. Nzuki alikuwa na shamba lake ng'ambo ya kilima, na punda ni mmoja. Siku kumi na tisa mfululizo alimpakia Kanali maji, akapita njia ya kwake bila kuingia, akaenda kumwagilia ya mjane, shina kwa shina, kwa kikombe. Siku ya kumi na tisa Kanali alipiga magoti njiani, akamwangalia Nzuki, hakuinuka tena.

Kwa hiyo, mwezi wa pili, ukisimama barabarani uliona Kalimbui yote ni rangi ya kahawia mpaka vilimani, na katikati ya kahawia hiyo kitambaa kimoja cha kijani.

Ndipo gari la bima likaja, Kilonzi akiwa ndani yake.

Kwa sheria yao wenyewe walipaswa kupima mashamba kumi na mawili yaliyochaguliwa na kompyuta. Random sampling, walisema, kila shamba lina nafasi sawa, lenye bima na lisilo na bima. Sawa kabisa. Ila mafuta ya gari yalitosha shamba moja, na katika yale kumi na mawili lililokuwa kando ya lami lilikuwa la Kalekye.

Wakatandaza kamba, mita nane kwa tano. Wakavuna kilichokuwa ndani ya kamba, wakapukuchua, wakapima. Kalekye alikuwa kwenye kigoda mlangoni, magongo yake mapajani.

"Mwanangu," akamwambia Kilonzi, "hilo si shamba la kata. Hilo ni shamba la watu watatu na punda."

"Mama, kompyuta imechagua."

"Kompyuta ilipita huko ng'ambo ikaona?"

"Haihitaji kupita."

"Basi pita wewe. Una miguu miwili, yote mizima."

Kilonzi akacheka kidogo, akaandika. Gari likageuza.

Wiki mbili baadaye, simu zililia. Zote mia mbili na sita, asubuhi moja, kama alivyoahidi. "Dear mkulima, kata yako imepata mavuno mazuri. Hakuna malipo msimu huu. Hongera, na asante kwa kulima nasi."

Hongera. Mtu alisoma neno hilo akiwa amesimama kwenye shamba lisilo na hata bua la kumpa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alishauzwa kununua haki ya kutumiwa hongera. Na huko mjini kuna mtu aliyeliandika kwa kidole chake, akaenda kunywa chai.

Jumapili, mwanamke mmoja alihama benchi kanisani alipoona Kalekye anasaidiwa kuketi. Kasiva wa dukani alikuwa muwazi zaidi. Alisimama barabarani akapaza sauti, "Kalekye! Wengine wanakula mahindi yao. Ya kwako yametula sisi."

Kalekye akavuta magongo yake, akaingia ndani.

Halafu, kana kwamba matusi hayajatosha, Kilonzi akarudi na lori, na ndani ya lori mtamba wa gredi, ng'ombe wa kizungu wa maziwa, mwenye utepe shingoni. Kata iliyofanya vizuri ilistahili model farmer. Mkulima bora, mtamba mmoja, fomu moja. Weka jina, tia sahihi, tabasamu kwa kamera.

"Siweki," akasema Kalekye. "Nilikuwa kitandani. Mkulima gani analima kwa mgongo, kaangalia mabati?"

"Basi nani aliyelima, mama? Taja, tumpe yeye."

"Watatu."

"Fomu ina mstari mmoja."

"Ongeza miwili. Si kalamu unayo?"

"Mfumo haukubali. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukikosa jina, mtamba anaenda kata nyingine."

Alhamisi mchana watatu wale walikusanyika uani kwa Kalekye. Hawakuwa wakiangaliana sana. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya choo, akitafuna nyasi zilizokuja naye kwenye lori, maana za kwetu hazikuwapo.

"Mimi sisemi mengi," akaanza Nzuki. "Bila maji, pale pangekuwa na kuni. Na Kanali amekufa. Nipeni mnyama badala ya mnyama."

"Asi! Maji ungeyamwaga wapi?" akauliza Wayua. "Kwenye mteremko? Yangefika baharini kabla yako. Matuta yangu ndiyo yaliyoyashika. Na zamu ya mwethya haitanirudia mpaka mwaka ujao. Sina shamba, Nzuki. Nina korongo."

"Punda anakufa, mwingine ananunuliwa," akasema Mumbe polepole. "Udongo unarudishwa. Lakini nyinyi mlimwagilia nini na kushikilia nini? Mchanga? Kile kibuyu nyanyangu alikipokea kwa nyanyake."

"Si mbegu ziko kwa mwaitu sasa?" akauliza Wayua. "Chukua zako urudishe."

"Nyingine zimeliwa mbichi, njaa haingoji. Zilizokomaa, watu wa kamba walipukuchua wakaondoka nazo. Ati ni sampuli."

Kisha Nzuki akasema, "Kasiva anataka mtamba auzwe, tugawane kata nzima."

"Mia mbili na sita?" Wayua akacheka kwa pua. "Tutapata kila mtu sukari ya chai mbili. Na majani ya chai tumwombe Kilonzi."

Hata Mumbe alicheka. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho wakiwa pamoja. Baada ya hapo kila mmoja alimgeukia Kalekye, na Kalekye akaona kitu ambacho fomu haikuwa na mahali pa kukiandika: kwamba bado hawezi kuteka maji, bado hawezi kuinua jembe, bado hana mbegu ya msimu ujao. Mikono mitatu ndiyo iliyomweka hai. Akimpa mmoja mtamba, anapoteza miwili. Na miguu yake haitamfikisha kwa yeyote kuomba msamaha.

Ijumaa Kilonzi akaja na kalamu. Watatu walisimama kwenye ua, kila mmoja kando yake.

"Nisipoandika?" akauliza Kalekye.

"Ripoti itasema mkulima bora hakupatikana."

"Na itasema wangapi hawakula?"

"Hiyo haimo kwenye fomu, mama."

Kalekye akaiweka fomu juu ya goti zima. Akaweka ncha ya kalamu mwanzo wa mstari, na wino ukaanza kufanya doa.

Na mimi namwacha hapo, ameinamia mstari wake mmoja. Chukueni kalamu nyinyi. Aliyeleta maji akafiwa na punda, aliyeshika udongo akabaki na korongo, aliyetoa mbegu akabaki na kibuyu kitupu. Je, wewe uliyeegemea ukuta, ungeandika jina la nani? Au ungemrudisha mtamba kwenye lori mbele ya watu wenye njaa, halafu ukaulizwa maziwa yako wapi?

Bishaneni, mna haki. Lakini wakati mnabishana, kuna watu wengine nataka wanisikie, wale waliotuma hongera. Mtamba wenu hatukumwomba. Mlisema mashamba kumi na mawili, kwa mdomo wenu, kwa kipaza sauti. Mmepima moja. Yamebaki kumi na moja, na hakuna hata moja lililo kando ya lami. Tieni gari mafuta mrudi na kamba yenu, mpime.