Kompyuta ya Binti wa Fundi

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana yake haihitaji mwalimu: mzazi anayeyaogopa machozi ya mtoto leo, kesho atayatoa ya kwake. Watu huisema methali hii wakicheka. Yuko fundi mmoja wa kompyuta, aliyekuwa akifanya kazi hospitalini, ambaye hacheki tena akiisikia.

Fundi huyo alikuwa mkali kama pilipili. Ndiye aliyeweka kinga katika kompyuta zote za hospitali. Kila ukurasa wa mtandao ulifunguliwa kwanza kwenye mashine iliyo mbali, na mfanyakazi akaonyeshwa picha yake tu, kama mtu anayetazama mvua akiwa nyuma ya dirisha. Uchafu wa mtandaoni, virusi na mitego ya wezi, ulibaki hukohuko nje. Ubaya wake, mara nyingine kinga hiyo ilikataa kunakili au kuchapa. Watu wakalalamika mpaka midomo ikawakauka.

"Mkitaka kulia, lieni," aliwajibu. "Leteni shida niitazame, lakini kinga haitoki."

Kisha kitinda mimba wake, binti, akaajiriwa mapokezi kwa majaribio. Haukupita muda akamjia baba yake mbio.

"Baba, barua za bima hazichapiki! Wagonjwa wananitukana. Msimamizi kasema nikiendelea hivi, kazi sina."

Fundi akaketi kwenye kompyuta ya binti. Ukurasa wa bima ulionekana vizuri. Alipochapa, ikatoka karatasi nyeupe pe. Dawa aliijua: aitafute kanuni iliyozuia uchapaji, aulegezee ukurasa huo mmoja tu, kisha ajaribu tena. Ilikuwa kazi ya kula asubuhi nzima. Lakini binti alikwishaanza kufuta machozi kwa kiganja, na moyo wa baba ukayeyuka kama chumvi majini. Akaitoa kompyuta ile kwenye kinga, kwa kurasa zote.

"Nitairudisha nikipata nafasi," alisema. Nafasi ya namna hiyo haipatikani, hutafutwa. Yeye hakuitafuta.

Siri ya kompyuta isiyokataa kitu ikaenea wodi hadi wodi.

"Mwanangu, nipishe kidogo tu," mhasibu alisema. Baada yake akaja daktari, kisha muuguzi. Kila aliyekataliwa kwake alikuja kukalia kiti cha binti. Mgeni kazini angemkatalia nani? Fundi aliwaona, akasonya, akapita.

Siku moja mhasibu akafungua hapo ujumbe uliojidai kutoka kwa wauza dawa. Kufumba na kufumbua, kompyuta za hospitali zikafungwa moja baada ya nyingine. Wezi walikuwa wameingia. Miadi, picha za eksirei, majibu ya maabara, vyote havisomeki. Mgonjwa aliyekwishaandaliwa kupasuliwa akarudishwa wodini, maana vipimo vyake havikuonekana.

Kikaoni mkurugenzi alipiga meza. "Wamepitia kompyuta ya mapokezi. Binti, kusanya vitu vyako."

Mhasibu akatazama dari.

"Kinga niliitoa mimi!" fundi akaruka. "Na wewe mhasibu, sema uliyoyafanya! Au leo umemeza ulimi?"

"Mhasibu nitamshughulikia," mkurugenzi alisema. "Ninyi wawili, kazi hamna tena. Nendeni."

Koridoni fundi aliendelea kufoka. Alimlaani mhasibu, akamlaani mkurugenzi, akawalaani wezi na mama zao. Binti alimgeukia, macho makavu.

"Basi, Baba, yatosha. Wenzako wote uliwakatalia. Mimi kwa nini hukunikatalia?"

"Ulikuwa unalia, mwanangu."

"Si ungeniacha nilie!"

Akaondoka bila kutazama nyuma. Fundi akaegemea ukuta, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, na mtu mzima yule, aliyezoea kuwaambia wenzake walie, akalia kwa kwikwi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.